Motokari imevunjwa kioo: maswali ya wenye motokari wa Lubumbashi na majibu yake

Kama sasa hivi umesimama kando ya motokari yenye kioo kilichomwagika chini, soma majibu mawili ya kwanza tu. Mengine utayasoma nyumbani.

Nimerudi kwenye motokari, kioo kimevunjwa. Nianze na nini?

Anza na telefone, kama ilikuwa ndani. Azima ya jirani, piga kwa kampuni yako, omba laini ifungwe pamoja na akaunti ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kioo hakikimbii, pesa inakimbia. Aliyeichukua telefone anaweza kuhamisha laini kwenye telefone nyingine ndani ya dakika chache, na watu wengi wanatumia mwaka wa kuzaliwa kama namba ya siri, mwaka ambao umeandikwa kwenye karte iliyokuwa kwenye mkoba uleule. Benki ifuate: kama wanakutumia namba za kuthibitisha kwa ujumbe, aliye na laini anazipokea yeye.

Kisha piga picha kabla hujagusa chochote. Sita au nane zinatosha: motokari nzima ikionyesha pulaki (kibati cha namba), kioo kilichovunjika kwa karibu, kiti na sakafu, kofre (buti ya nyuma), na moja ya mbali inayoonyesha jengo au kibao cha avenue ili mahali pajulikane.

Baada ya hapo tembea. Anayevunja kioo hataki kubeba mkoba mzima. Anaondoka nao mpaka kona ya kwanza au ya pili, anatoa pesa na telefone, anautupa. Angalia mitaro, nyuma ya vibanda, rundo la takataka, ukuta wa kiwanja kisichojengwa. Waulize wanaouza kadi za telefone, wachoma mahindi, wenye pikipiki. Usiende peke yako ndani ya uchochoro, wala usimfuate kijana uliyemwona akikimbia: mwenzake huwa nyuma yako, na yule anayekimbia anaweza kuwa na wembe au kipande cha kioo chako.

Jambo la mwisho: usibonyeze kitufe cha kushusha wala kupandisha kioo cha mlango huo. Sababu iko chini.

Nikimbilie ciat (kituo cha polisi) gani?

Ya komini ambako wizi umetokea, hata kama unakaa kwingine. Ukiegesha karibu na Place de la Poste ukaenda kushtaki Katuba kwa sababu ni karibu na nyumbani, watakuambia urudi mjini. Omba kuonana na OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi), kwa sababu yeye ndiye anayeandika PV, yaani hati rasmi ya mashtaka yako. Askari wa getini anaweza kukusikiliza kwa huruma nyingi na usitoke na karatasi.

Nenda na karte roze (hati ya motokari) au kopi yake, kitambulisho, picha, na orodha ya vitu iliyoandikwa tayari: jina la kitu, rangi, alama yake, namba yake. Kwa telefone, toa namba ya IMEI. Iko kwenye boksi, na kama boksi lipo nyumbani, afadhali urudi kulichukua. (Leo hii, telefone yako ikiwa bado mkononi, piga *#06# uiandike mahali.) Mashtaka yanafunguliwa dhidi ya mtu asiyejulikana, hiyo ni kawaida. Kabla ya kutoka, chukua namba ya PV, tarehe, na jina la OPJ.

Kupokea mashtaka si huduma ya kulipiwa. Pale ambapo kuna malipo halali, kama cheti cha kupoteza vitambulisho, omba risiti.

Niseme waliniibia kwa silaha ili polisi waharakishe?

Usifanye hivyo. Sheria ya adhabu ya Kongo inatenganisha mambo haya vizuri, na neno moja linabadilisha maisha ya mtu. Wizi wa kawaida, kifungu cha 80, unafika miaka 5. Wizi wa kuvunja, kifungu cha 81, unafika miaka 10. Kioo chako kiko hapa. Wizi wa kutumia nguvu au vitisho, kifungu cha 82, ni kuanzia miaka 5 hadi 20. Wizi wa kutumia silaha, kifungu cha 81 bis, ni adhabu ya kifo, na serikali iliondoa kizuizi cha kuitekeleza mwezi wa Machi 2024.

Kwa hiyo eleza ulichokiona. Kama hukuwepo, sema hukuwepo. Kuna sababu ya pili, isiyo na uhusiano na huruma: maelezo ya uongo yakigongana na picha zako, wakili wa upande wa pili atalibomoa shauri lote, na kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukataa kulipa.

Karte roze, permi (leseni ya kuendesha) na karte ya uchaguzi vimekwenda. Vinapatikana?

Mara nyingi vinapatikana, maana mwizi hana kazi navyo. Siku mbili za kwanza zitumie kutafuta: acha namba ya telefone kwa sentineli wa majengo ya jirani, kwa parokia au kanisa la karibu, na toa tangazo kwenye redio ya mji. Lubumbashi watu bado wanasikiliza matangazo ya vitu vilivyopotea, na aliyeokota anajua kuna asante. Asante hiyo toa bila kusita. Kumlipa aliyeokota makaratasi ni jambo moja, kununua tena telefone yako kwa aliyeiiba ni jambo lingine.

Wakati huohuo pata cheti cha kupoteza vitambulisho, kwa sababu PCR (polisi wa barabarani) hawatakusubiri umalize kutafuta. Karte ya uchaguzi, nakala yake inatolewa na CENI, tume ya uchaguzi. Karte roze ni safari ndefu zaidi, na bila kopi ya ile ya zamani utazunguka sana. Kuanzia sasa tembea na kopi zilizothibitishwa, za asili zibaki nyumbani. Na kama kazi yako inakulazimisha kuwa na za asili, ziwe mwilini, zisikae kwenye kisanduku cha mbele. Kisanduku hicho ndicho kinachofunguliwa kwanza.

Nina bima. Italipa kioo?

Ile ya lazima, hapana. Inalipa madhara unayowasababishia wengine, basi. Kioo na wizi vinahitaji dhamana za ziada zilizoandikwa kwenye mkataba kwa majina yake: vioo kivyake, wizi kivyake, na mara nyingi vitu vilivyokuwa ndani havimo hata ukiwa na zote mbili. Tangu soko lilipofunguliwa kwa sheria ya 2015, SONAS, kampuni ya bima ya serikali, haiko tena peke yake, kwa hiyo inawezekana kulinganisha. Uliza mambo matatu: kiasi ambacho wewe mwenyewe utabeba kabla hawajalipa, siku walizokupa za kutoa taarifa (huwa chache sana), na kama wanataka PV au wanaridhika na picha. Usitengeneze kabla hawajaona au hawajakuruhusu kwa maandishi.

Naweza kuendesha hivyohivyo hadi nyumbani?

Ndiyo, kama kilichovunjika ni kioo cha mlango wa nyuma na umesafisha kiti chako. Kioo cha mlango wa mbele wa kushoto kinahitaji uangalifu. Motokari nyingi za Lubumbashi zinatoka Japani na usukani wake uko kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Unapotaka kumpita mwenzako, unatazamia kushoto, kupitia kioo hichohicho. Ukikifunika kwa mfuko mweusi umejifunga jicho. Tumia plastiki inayoonyesha, uivute ikaze.

Skoche ibandike upande wa ndani wa fremu, si juu ya rangi. Jua la Septemba likiipiga siku mbili au tatu, gundi inabaki kwenye rangi na kuitoa ni kazi ya petroli kidogo na kitambaa, kwa subira. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba, pindisha plastiki iingie ndani ya mlango kwa juu, ili maji yateremke nje yake.

Vipande vinasafishwa vipi?

Kioo cha mlango kimepashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani. Ndiyo maana kikivunjika kinatawanyika chote kwa punje, wakati parabrizi (kioo kikubwa cha mbele), ambayo ni mabamba mawili yenye utando wa plastiki katikati, inapasuka na kubaki mahali pake. Punje hazikati kama kisu, lakini zinaingia kila mahali, na sehemu ya kioo huanguka ndani ya mlango wenyewe.

Vaa glavu za ngozi na viatu vya kufunga. Vilivyobaki kwenye fremu vibandike skoche kwanza, ndipo uvisukume, vitoke pamoja. Okota vikubwa kwa mkono, kisha pitisha mashine ya kuvuta vumbi kutoka juu kwenda chini: dashibodi na matundu ya hewa, viti, reli za viti, mazulia, tena reli za viti. Sogeza kiti mbele hadi mwisho, vuta, kisha nyuma hadi mwisho, vuta. Usipanguse dashibodi kwa kitambaa kikavu, utaichora mistari ambayo haitoki. Sehemu nyingi za kuoshea motokari wana mashine hiyo. Waambie mapema kuna kioo, wasitumie mkono.

Halafu mlango. Fundi anatoa kifuniko cha ndani: skurubu moja nyuma ya kishikio, moja au mbili kwenye sehemu ya kuegemea mkono, na vibanio vya plastiki kuzunguka ukingo. Vibanio vya zamani huvunjika, nunua sita vipya kabla hajaanza, la sivyo mlango utakuwa ukigonga kila kwenye shimo. Ndani, punje zinakaa kwenye reli ya kioo na kwenye gia za mota. Ndiyo sababu ya kutobonyeza kitufe: punje mbili zinatosha kung'oa waya wa kunyanyulia, na badala ya kununua kioo utanunua kioo na mashine yake. Mwisho, zibua matundu madogo chini ya mlango. Yakibaki yamezibwa, maji ya mvua yanasimama humo, na baada ya msimu mmoja mlango unaota kutu kutoka ndani.

Kioo cha kubadilisha nakichagua vipi?

Wengi wanapata cha mitumba, kilichotolewa kwenye motokari iliyokufa. Usiende sokoni kusema «kioo cha Toyota IST». Nenda na kodi (alama ya herufi na namba) ya shasi, iliyo kwenye kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango: IST ya kwanza, kwa mfano, ni NCP60, NCP61 au NCP65. Taja mlango upi, upande upi, na usukani uko wapi. Beba picha ya kona ya kioo cha upande wa pili, penye maandishi ya kiwanda. Rangi ya kijani au ya kijivu ionekane, maana kioo cha rangi nyingine kitakusumbua macho kila siku.

Kikague juani. Pitisha kidole, kwa uangalifu, kwenye ukingo wote. Kidonda kidogo ukingoni ni sababu ya kukikataa, hata bei ikishuka nusu: kioo cha aina hii nguvu yake inakaa kwenye ngozi, na ngozi ikijeruhiwa pembeni kinaweza kulipuka siku ya joto ukifunga mlango kwa nguvu. Angalia pia chini, panaposhikwa na mashine. Vingine vina matundu ya bolti, vingine vimegundishwa kishikio, na havibadilishani.

Fundi akishakifunga, mwambie akipandishe polepole mara ya kwanza huku akikiongoza kwa mkono. Kikitetemeka au kikipanda upande, punje bado zipo relini. Plastiki ngumu ya kukata badala ya kioo inafaa wiki mbili; baadaye inachorwa na vumbi letu hadi usiku huoni kitu.

Parabrizi ni habari nyingine. Inagundishwa, na gundi inataka muda wa kushika: fuata saa zilizoandikwa kwenye tubu, usifunge milango kwa nguvu, acha kioo kimoja wazi kidogo, usioshe siku hiyo.

Hawakuvunja kioo, wamechukua vitu vya nje. Kuna dawa?

Kwa kila kitu kuna dawa yake. Vioo vya retro (vya pembeni, vya kutazama nyuma): chonga namba ya pulaki juu yake kwa herufi zinazoonekana, na funga kishikio kwa riveti, muuzaji hapendi bidhaa yenye jina la mtu. Taa za nyuma, vilevile. Batri: fremu ya chuma yenye kufuli, na hakikisha kamba ya kufungulia boneti haifikiki kutoka chini. Tairi la akiba linaloning'inia chini ya pikapu: mnyororo na kufuli iliyopakwa grisi, maana kufuli kavu ikijaa matope hutaifungua siku ya pancha. Magurudumu: nati moja ya ufunguo maalumu kwa kila gurudumu. Ufunguo wenyewe usiuache kwenye kisanduku cha mbele.

Chujio la moshi kwenye bomba la ekzosi limekuwa na wateja wa aina mbili: wanaotafuta madini yaliyomo, na, tangu habari za Kinshasa za 2021, wanaosaga sehemu yake ya ndani kuchanganya dawa ya kulevya inayoitwa bombé. Motokari za juu, zenye nafasi chini yake, ndizo rahisi kwao. Bati nene lililochomelewa chini ya chujio linawachelewesha, na kwa wizi wa aina hii kuchelewesha kunatosha.

Kwa nini yangu, na haikuwa na kitu?

Ilikuwa na mfuko. Kwa anayetazama kutoka nje, mfuko wa viatu vya mtoto na mfuko wa kompyuta ni kitu kimoja. Waya wa chaja ukining'inia unasema kuna telefone, alama ya mviringo kwenye parabrizi inasema kuna kishikio cha telefone. Na kuficha kitu kwenye kofre mbele ya watu, papo hapo unapoegesha, ni kumwonyesha mtu mahali kilipo. Fanya hivyo kabla ya kufika.

Saa nazo zinajirudia: jioni umeme wa SNEL (kampuni ya umeme) unapokatika na avenue nzima kuwa giza, Jumapili wakati wa misa, na kwenye kilio, ambapo motokari thelathini zinaegeshwa kando ya barabara na wenyewe wote wako ndani wakiimba. Nganda, yaani baa, hatuhitaji kuieleza. Usukani kulia unaongeza jambo moja: ukiegesha kwa utaratibu, mlango wako unakuwa upande wa watembea kwa miguu, na pale ndipo wenye motokari wengi wanaweka mkoba. Kwenye foleni, kioo hicho kibaki juu.

Tena, vuta kishikio kwa mkono baada ya kufunga kwa rimoti. Milango mingi «iliyovunjwa» haikuwa imefungwa.

Vijana hawa ni akina nani?

Hawafanani, na ni kosa kuwaita wote kuluna (wahuni wa magenge). Kuna shege, watoto wanaolala sokoni na kwenye veranda za maduka, wengine walifukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi baada ya mzazi kufa au kuoa tena. Wananusa kole (gundi) ili wasisikie baridi ya Juni na Julai. Wanachukua kilicho wazi. Kuna vijana wa miaka kumi na minane, ishirini, wenye nyumba na mama anayewangoja kwenye komini za Kenya au Katuba, waliozoea lutuku (pombe kali ya kienyeji) na bangi na wasio na kazi. Hawa ndio wanaovunja. Na kuna wanunuzi, watu wazima wenye meza sokoni, ambao huwaoni usiku. Bila meza hizo, retro yako isingekuwa na bei.

Tumemkamata. Sasa?

Dakika kumi za kwanza ni za hatari, kwake na kwako. Mtu mmoja akipiga kelele «mwizi», tairi la kumchomea linaweza kuletwa kabla hujamaliza kueleza. Ukimpiga umekuwa mshtakiwa. Akifa mikononi mwa umati ulioita wewe, kesi ni ya mauaji na jina linalojulikana ni la mwenye motokari. Mwingize ndani ya parsele (kiwanja chenye ukuta) au duka, mkalishe chini, geti lifungwe, piga simu ciat au tuma watu wawili. Usimfunge kwa waya. Usimpige picha na kuitawanya, hasa akiwa mtoto.

Swali la kwanza la kisheria ni umri. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, na hakuna ushahidi unaoweza kupindua hilo. Kati ya 14 na 18 anapelekwa mbele ya mahakama ya watoto, si kwenye mahakama ya kawaida na wala hachanganywi na wakubwa. Kuanzia 18 anafuata njia ya kila mtu, na inaweza kuishia Kasapa, gereza la hapa.

Ukiona ameachiwa baada ya siku mbili, usikimbilie kusema polisi wamekula rushwa. Inawezekana, lakini Katiba, kifungu cha 18, inakataza kumshikilia mtu polisi zaidi ya saa 48: anaachiwa au anapelekwa mbele ya mwendesha mashtaka. Kama PV haina orodha, haina picha na mwenye mali hakurudi kuhojiwa, hakuna cha kupeleka. Kurudi kwako siku ya pili kuna uzito kuliko kelele ya siku ya kwanza.

Wazazi wake wanaweza kulipa?

Wanaweza. Sheria ya madeni, kifungu cha 260, inawabebesha wazazi madhara yanayofanywa na watoto wao wadogo wanaokaa nao. Hayo maneno ya mwisho yanamtoa shege. Kwa mtoto anayekaa kwao, upatanishi unaenda haraka zaidi ya kesi, nayo sheria ya 2009 inautambua: mnakubaliana bei ya kioo, kwa risiti ya fundi, mafungu mawili au matatu, tarehe zimeandikwa, mashahidi wa pande mbili. Usidai bei ya motokari mpya. Familia itaahidi yote na haitalipa chochote.

Kwa mtoto wa barabarani, Wasalesiani wa Don Bosco wamekuwa na kituo cha Bakanja hapa Lubumbashi kwa miaka mingi, na ofisi ya DIVAS (ya mambo ya jamii) ndiyo ya serikali. Kumpeleka huko hakukulipi kioo. Kunapunguza mmoja kwenye avenue yako.

Mtu amenipigia, anasema anajua telefone yangu iko wapi, nilete pesa.

Mpeleke kwa OPJ wako. Usiende peke yako, usiende usiku, usitume pesa mbele. Kununua kitu unachojua ni cha wizi ni kosa lenye kifungo.

Nimlipe kijana anayesema «mkubwa, naangalia motokari»?

Mlipe, lakini mlipe mmoja, unayemjua jina, wakati wa kuondoka. Ukilipa mbele hana sababu ya kubaki. Ukigawia watano, hakuna anayelinda. Usimweleze utarudi saa ngapi. Sentineli wa jengo, ambaye ana mwajiri na kiti chake pale, ni bora kuliko wote.

Alarmu au filamu, kipi kwanza?

Filamu. Alarmu Lubumbashi inalia hadi inanyamaza yenyewe, na batri iliyochoka inaifanya ilie kila usiku mpaka majirani wanaacha kusikiliza. Filamu ya usalama inayoonyesha, ya mikroni 100 au 200, inabandikwa upande wa ndani. Kioo kinapopigwa kinapasuka lakini kinabaki kimeshikana, na mwizi analazimika kupiga mara nyingi. Ichukue isiyo na giza, ukwepe mabishano na PCR. Ifike hadi ukingo kabisa, usishushe kioo kwa siku tatu hadi tano, na ukiona ukungu au mapovu madogo ya maji usiyachome. Yanakauka ndani ya mwezi.

Majibu haya yanafaa Goma na Bukavu?

Ya kioo na fundi, yote. Huko watoto wanaitwa maibobo. Vituo vyao: Goma kuna Don Bosco Ngangi, Bukavu kuna PEDER. Sehemu ya polisi na mahakama isichukuliwe kama ilivyo, kwa kuwa miji hiyo iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025.

Wiki mbili zimepita, bado naokota punje kwenye kiti cha mtoto.

Toa kitambaa chake, kikung'ute nje, kioshe peke yake bila nguo nyingine. Mikanda ivute yote hadi mwisho na uipitishie skoche pande zote mbili. Ile sehemu ya kubofya ielekeze chini, igonge mara kadhaa. Punje ikibaki ndani, kifungo kinaonekana kimeshika kumbe hakijashika. Kikishindwa kutoa mlio wake wa kawaida, badilisha kifungo.